Honasan asisimuliwe kwa siku 4 za Februari 1986 tu

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala yenu kuhusu Gregorio Honasan, yule kanali wa Ufilipino anayejulikana zaidi kwa jina la "Gringo". Mwandishi amemweleza kama askari aliyemng'oa rais wa kidikteta Ferdinand Marcos, kisha akapotoka. Mimi nasema hakupotoka. Aliyoyafanya mwaka 1987 na 1989 ndiyo aliyokuwa amekusudia tangu Februari 1986, na kuyasimulia vinginevyo ni kuwadhulumu waliouawa.

Malalamiko ya maofisa vijana wa RAM, harakati yao ya kudai mageuzi jeshini, yalikuwa ya haki. Honasan alihitimu chuo cha kijeshi cha Baguio mwaka 1971, akapelekwa Mindanao, kusini mwa nchi, kupigana na waasi Waislamu wa MNLF waliotaka kujitenga. Askari walikuwa wanakufa huko, ilhali Manila vyeo vinatolewa kwa kujuana, na majenerali waliopitisha umri wa kustaafu wanabakizwa kazini kwa sababu ni watiifu kwa Marcos na kwa mkuu wa majeshi, Fabian Ver. Ofisa yeyote mwenye uchungu na jeshi lake angekasirika. Lakini hasira hiyo ililelewa na Juan Ponce Enrile, Waziri wa Ulinzi, ambaye Honasan alikuwa mtu wake wa karibu, na Enrile naye alikuwa anaitamani ikulu kwa ajili yake mwenyewe.

Mpango wao ulikuwa kuivamia ikulu ya Malacañang usiku, kumkamata Marcos na kuunda baraza la kutawala. Siri ikavuja. Februari 22 Enrile na Fidel Ramos, naibu mkuu wa majeshi, wakajifungia katika kambi mbili za Manila, Aguinaldo na Crame, na askari wachache, wakingoja kushambuliwa. Raia ndio waliowanusuru. Kardinali Jaime Sin aliwaita watu kupitia Radio Veritas, wakamiminika EDSA, barabara kuu inayopita mbele ya kambi hizo, kwa malaki, watawa wakapiga magoti na rozari mikononi mbele ya vifaru. Februari 25 Marcos akakimbia, akaishia Hawaii. Haya yote makala yenu imeyapitia kwa sentensi moja, kisha ikatumia aya nzima kwa chatu ambaye inasimuliwa Honasan aliruka naye kwa parachuti.

Maofisa wale walitoka pale wakiamini kwamba urais wa Corazon Aquino, mpinzani wa Marcos aliyeshika nafasi yake, ni zawadi yao kwake. Agosti 28, 1987 Honasan akaongoza shambulio dhidi ya serikali yake. Watu zaidi ya 50 walikufa. Mtoto wa rais, Benigno, alipigwa risasi karibu na ikulu, na walinzi wake watatu wakauawa. Honasan alikamatwa Desemba, akawekwa ndani ya meli ya jeshi la majini kwenye ghuba ya Manila, na Aprili 1988 akatoroka pamoja na askari waliopewa kazi ya kumlinda.

Desemba 1989 yeye na waasi wenzake wakajaribu tena, na ikawa mbaya zaidi. Ndege za waasi zililipua mabomu ikulu, na Aquino akalazimika kuomba msaada wa Marekani, ambayo ilirusha ndege zake za kivita kutoka kambi ya Clark. Waasi wakashika majengo ya Makati, eneo la mabenki na mahoteli, kwa siku kadhaa. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Hilario Davide ilihesabu vifo 99, na 50 kati yao walikuwa raia.

Ramos, ambaye majaribio hayo yalizimwa akiwa mkuu wa majeshi na baadaye Waziri wa Ulinzi, akawa rais mwaka 1992 na kuchagua mazungumzo. Ninamwelewa. Nchi ilikuwa imechoka. Mwaka 1995 makubaliano ya amani na waasi hao yakatiwa saini, na mwaka huohuo Honasan akachaguliwa seneta. Kuanzia 2007 alikaa katika Seneti moja na yule Benigno aliyepigwa risasi, hadi Benigno alipokuwa rais mwaka 2010. Baadaye Rodrigo Duterte, akiwa rais, alimpa Honasan uwaziri.

Ila vijana walikuwa wanatazama. Julai 2003 askari zaidi ya 300 waliteka jengo la Oakwood, Makati hiyohiyo, wakiongozwa na maofisa wadogo akiwamo Antonio Trillanes, ambaye mwaka 2007 alichaguliwa seneta akiwa kizuizini. Honasan alishtakiwa kuhusika, akakana, na mashtaka yakafutwa. Sina ugomvi na uamuzi huo. Ninachosema ni kwamba somo lilikuwa limeshaandikwa kwa maisha yake: teka, samehewa, gombea.

Mwandishi wenu amemaliza kwa kumwita Honasan shujaa mwenye kasoro. Mkiirudia habari hii, naomba muanzie Makati ya Desemba 1989, kwa raia wale 50 na familia walizoziacha, kabla ya kumfikia kanali.

Msomaji wenu,
Morogoro