Wahitimu wa ukutubi tusikumbukwe kwa michango tu

Mhariri,

Naandika kuhusu habari mliyotoa juzi ya wanafunzi wanaohangaika kutafuta nafasi za fildi, yaani mazoezi ya kazi maofisini. Mimi nimesoma ukutubi, yaani kazi ya maktaba, na masomo ya habari (sio utangazaji, hata mama mkwe bado anasubiri kuniona kwenye TV). Tukishamaliza, chuo kinatukumbuka wakati wa michango basi, halafu dogo wa mwaka wa pili anazunguka na barua yake maofisini mpaka soli inaisha, wakati masjala na maktaba za ofisi hizohizo tumejaa sisi kaka na dada zake.

Shule ya ukutubi pale Makerere iliyoanza 1963 ilikuwa inachukua Wakenya, Waganda na Watanzania pamoja, yaani ukienda maktaba ya Nairobi au Dar unakuta mtu mliyesoma naye. Sasa hivi hata wa darasa moja hatujuani tulipo.

Naomba kila idara itengeneze daftari la wahitimu, nani yuko wapi na anaweza kupokea wanafunzi wangapi. Tunafundishwa kutunza kumbukumbu za watu halafu za kwetu hazipo, aibu jamani. Wapewe mwaka wa kwanza kazi hiyo waifanye kama mazoezi ya katalogi (kupanga orodha ya vitabu), kabla ya fildi ijayo.

Mhitimu,
Dar es Salaam