Shosti, kiti chako kinafukuzwa

Shosti wangu wee,

Mambo? Za siku nyingi? Kimya kimekuwa kirefu najua, na wala sitaki tuanze kuulizana nani alimnyamazia nani, tukifika huko barua itaisha na sijasema kilichonileta. Sisi hatujambo, watoto hawajambo, mama anakusalimia sana, mgongo wake ndo ule ule, safari hii anausingizia mto wa kulalia. Haya, salamu zimekwisha, kaa vizuri.

Anti kabandika karatasi mlangoni pa mgahawa wake wa kahawa. Ule mwandiko wake wa herufi kubwa tupu, KILA ALIYELETA KITU HUMU NDANI AJE AKICHUKUE KABLA MWEZI HAUJAISHA. Nimesimama pale nje naisoma na kuirudia huku mvua inanipiga. Kila aliyeleta kitu! Sasa mle ndani kuna kitu gani ambacho hakikuletwa na mtu? Sofa la kahawia lenye tofali badala ya mguu, vile viti vya sinema vilivyoungana ambavyo huyu akikaa yule anarushwa, meza ya cherehani, kinanda kibovu, taa ambazo hata mbili hazifanani, vikombe ambavyo kila kimoja kina ukoo wake. Na kiti chako cha kijani, shosti. Kile ulichokiacha ulipohama ukasema unakiazimisha tu, hukitoi, tena ulimwambia mbele yangu. Nacho kimo kwenye hilo tangazo, nimemuuliza mwenyewe, akanijibu bila hata kuinua macho, "Cha kijani ndo cha kwanza." Kisa kitambaa kimechanika kwenye mkono wa kushoto na sponji linachungulia. Watu wamelichokonoa lile sponji miaka yote hii wakiwa wanafikiria, si unajua.

Chanzo chake ni maoni ya wateja huko mtandaoni. Binti yake kamwekea kwenye simu awe anayasoma, na tangu hapo Anti halali. Anasoma usiku, asubuhi anakuja macho mekundu anatusomea sisi, tena kwa kuigiza sauti. Mmoja kaandika meza inacheza mpaka kahawa yote iko kwenye sahani. Kweli. Mwingine kasubiri robo saa halafu akaletewa kikombe kimeandikwa BABU BORA, na yeye ni msichana anayesoma chuo. Kweli pia, na mi nilicheka mpaka Anti akaninunia siku nzima. Mwingine, kahawa chachu kama limau. Mwingine, samani za jalalani, nyota moja. Hilo la jalalani ndo lililommaliza. Kaamua vyote vitoke, alete meza nyeupe na viti vya chuma vinavyofanana, kama zile sehemu ambazo ukiingia hujui uko mtaa gani wala mji gani.

Hilo la uchachu nikuambie kabla sijasahau, maana dogo, yule kijana wake wa mashine ya kahawa, kalichukua kama katukanwa mama yake. Akanivuta nyuma ya kaunta akanionyesha. Espreso, ile kahawa nzito ya mashine, maji yanasukumwa kwa presha ya baa 9 hivi, kikombe kikitoka kwa sekunde kama 25 mpaka 30 ndo mahali pake, yakikimbia yakatoka mapema kahawa inakuwa chachu, yakikawia sana inakuwa chungu. Kinachoyakimbiza au kuyakawiza ni usagaji, chembe kubwa maji yanapita mbio, chembe ndogo yanabanwa. Na siku ya yule mteja walikuwa wamefungua gunia jipya la kahawa, dogo hayupo, Anti kaingia mwenyewe kwenye mashine na hakugusa kile kisagio kukirekebisha. Kwa hiyo mteja alikuwa na haki yake, kiti hakihusiki. Ila nani atamwambia Anti? Dogo hawezi, anapenda kazi yake.

Sasa mi nina langu, na nataka uniambie kama naona sawa maana pale sina wa kumwambia, wote wamehamaki. Nimeyasoma yale maoni yote mwenyewe, mpaka ya zamani kabisa. Mazuri ni mengi kuliko mabaya ila Anti hayaoni, jicho lake linaruka moja kwa moja kwenye nyota moja. Kuna mtu kaandika alitoka hospitali kumwona mgonjwa, akaingia akakaa kwenye "kile kiti kikubwa cha kijani" akalia, na hakuna aliyemuuliza kitu, ila alipoinuka akakuta glasi ya maji pembeni. Mwingine kasahau pochi, dogo akamwambia nenda utalipa ukirudi, akarudi. Wanasifia vikombe, wanasifia taa, wanasema pale hawajisikii kama wanafukuzwa. Wa jalalani ni huyo mmoja tu.

Wanacholalamikia wengi ni sisi. Sisi, shosti, wateja wa kudumu. Kuna wa nyota mbili kaandika hivi, "kahawa nzuri lakini wateja wanakutazama kama umeingia sebuleni kwao bila hodi." Hilo Anti hakutusomea, nadhani alituonea haya.

Nilivyolisoma nikaanza kuangalia. Juzi kaingia dada mmoja na mwavuli wake, kasimama pale katikati, hajui anaagiza kwenye kaunta au anakaa anafuatwa. Hakuna mahali pameandikwa. Ubao wa vinywaji upo, ila mbele yake kuna lile ua lililoota mpaka darini, inabidi ulipekue kama unatafuta mayai ya kuku. Dogo yuko nyuma anaosha vikombe. Sisi tupo, tumekaa, tunamtazama tu. Hakuna hata mmoja aliyesema dada karibu, agiza hapo mbele. Mwishowe akaenda akakaa, na maskini akakaa kwenye kiti cha Profesa. Profesa akaja. Hakusema neno, unamjua, alisimama tu pembeni na gazeti lake chini ya kwapa, anapumua. Yule dada akahama bila kuambiwa, akakaa kwenye viti vya sinema, akanywa harakaharaka huku mwavuli uko mapajani unamlowanisha sketi, akaondoka. Sidhani kama atarudi, mi nisingerudi. Na hakuna kiti cha chuma cheupe kitakachomrudisha mtu kama huyo.

Nilimwambia Profesa, akaona namvunjia heshima. Yeye sasa hivi ni kiongozi wa upinzani, anakusanya saini kwenye daftari, kila anayeingia anapewa kalamu kabla hajapewa kahawa, sijui hilo nalo wataliandikia nini mtandaoni. Na lazima ahutubie. Eti mwaka 1675 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alitoa amri migahawa ya kahawa yote ifungwe kwa sababu watu walikuwa wanakaa humo kutwa wanaisema serikali yake, wananchi wakaja juu, na amri ikafutwa hata kabla ya siku yake ya kuanza kufika. Mfalme alishindwa, Anti ni nani! Halafu akaingia kwenye London ya enzi hizo, kwamba kwa peni moja ulikuwa unaingia unakaa na yeyote, tajiri kwa maskini, unasikiliza habari za dunia nzima, na lile soko la bima la Lloyd's lilianzia kwenye mgahawa wa kahawa wa bwana Edward Lloyd. Anti alikuwa anafuta kaunta, kamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, halafu akasema, "Kwa hiyo kukaa kulikuwa kunalipiwa."

Pale pakawa kimya, aisee. Maana hapo ndo penye kidonda chenyewe na kila mtu anajua. Kikombe kimoja, laptopu, masaa manne mtu hajainuka, kachomeka chaja, kachukua meza ya watu wanne peke yake. Familia inaingia inazungusha macho inatoka. Pango halisubiri, maziwa hayasubiri. Tena wa laptopu tunawasema bure, wale wa chesi ndo kiboko, wakianza kabla ya mchana taa zinawashwa bado wanatazamana, na kikombe ni kimoja kwa wachezaji wote wawili na mtazamaji.

Kwa hiyo Anti ana sababu. Ila dawa anayoitaka siyo ya ugonjwa huu. Mi nimemwambia, weka meza ndogo za watu wawili upande wa dirishani na soketi za huko uzifunge, mwenye laptopu akae kwenye ile meza ndefu na wenzake. Namba ya siri ya waifai iandikwe kwenye risiti iwe na muda wake, ukiisha unainuka kununua kingine. Ua likatwe. Bandika pale mlangoni, agiza hapa kwanza. Basi! Hizo si gharama hata kidogo. Akanitazama akasema mimi naongea kama watu wa nyota tatu.

Halafu kuna kelele, hilo hajalifikiria kabisa na nimelirudia mpaka kanikataza. Pale sasa hivi kile kisagio kikinguruma unaweza bado kuongea na mwenzako, kwa nini? Kwa sababu masofa na yale mapazia mazito na zulia vinaimeza sauti. Ukiondoa vyote ukaweka chuma na sakafu tupu sauti inagonga ukuta inarudi, watu wanapandisha sauti ili wasikike na wa pembeni nao wanapandisha zao, mwisho ni soko. Watu watainuka mapema kweli, hilo atalipata. Ila hawatarudi. Yule aliyetoka hospitali angeenda kulia kwenye kiti cha chuma?

Oh, na Mzee wa Kofia bado yupo, anakusalimia. Bado anarudisha kahawa eti imepoa. Dogo alishamweleza mpaka kachoka kwamba maziwa yanapashwa mpaka nyuzi 60 au 65 hivi, ukiyapitisha 70 utamu wake unapotea na yananuka kuungua, mzee hasikii. Sasa dogo kagundua ujanja, anakimwagia kikombe maji ya moto kwanza kikae mpaka kipate joto, anamwaga, ndo anaweka kahawa. Mzee anakishika kwa viganja viwili, anaguna, anasema leo umejitahidi kijana. Maziwa yale yale! Nilitaka kucheka nikajizuia. Mambo kama hayo Anti angeyaona asingehangaika na meza nyeupe. Kuna mtu mtandaoni kaandika hilo tu, kwamba vikombe vinakuja vya moto, na katoa nyota tano.

Haya, turudi kwenye kiti. Kwangu hakiingii, mlango wenyewe unaujua, na mume wangu kashasema kikija kiti atatoka yeye, mi nikamwambia tutaona. Nimeongea na jirani mwenye stoo, anasema anaweza kukiweka ila siyo muda mrefu. Kuna kitu kingine nimekifikiria. Anti anakusikiliza wewe, sijui kwa nini, labda kwa sababu hukuwa unakaa sana, ulikuwa unakunywa unaaga unaondoka. Ukimpigia ukamwambia wewe mwenyewe kwamba kile kiti utakilipia kishonwe kitambaa kipya, akibakishe, naona akikubali hicho kimoja na vingine vitapata pa kusemewa. Usimwambie kama mimi ndo nimekutuma. Na usimtaje Profesa wala huyo mfalme wake, tafadhali. Ila hilo la yule dada wa mwavuli mwambie, we mwambie umelisikia tu. Likitoka kwangu anaona nawasengenya wenzangu, na kwa kweli nawasengenya, lakini...

Ah, ngoja, dogo anataka kujua kama ile mashine yako ndogo ya kuchemshia jikoni bado unayo, kuna mpira wake anautafuta hapa haupatikani, sijui ni wa nini. Nimemwambia nitakuuliza, nimeuliza.

Sasa nijibu. Kiti unakitaka au hukitaki, kwa moyo wako kabisa? Utampigia lini, maana mwezi unaishia? Na huko uliko umeshapata pa kukaa na kahawa yako au ndo unakunywa umesimama? Wanakujua jina? Siku ya kwanza uliingiaje, walikukaribisha au walikutazama kama sisi tunavyowatazama watu? Unafikiri mtu mgeni anahitaji kuambiwa nini ili akae? Kazi mpya ikoje, bosi bado ni yule wa kukohoa kabla ya kusema? Na yule kaka uliyeniambia mlikutana kwenye foleni, mliishia wapi? Mara iliyopita hilo swali uliliruka ukaniandikia habari za hali ya hewa, safari hii sikubali.

Wako,
shosti wako wa meza ya cherehani