Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga: mapaa ya vituo vyetu vya maziwa yazalishe baridi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Ninakuandikia kwa heshima nikiwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wilayani Muheza na mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika. Ombi langu ni kwamba mapaa ya vituo vya kukusanyia maziwa vya mkoa huu, na baadaye mapaa ya mabanda makubwa ya ng'ombe, yawekewe paneli za umeme wa jua, na umeme huo utumike kwanza kugandisha barafu ya kupozea maziwa. Ninaandika hadharani kwa sababu jambo hili linagusa mifugo, nishati, ushirika na fedha kwa wakati mmoja, na ofisi yako ndiyo inayoweza kuwaketisha wahusika wote kwenye meza moja.

Tanga haianzi leo katika maziwa. Chama Kikuu cha Ushirika wa wafugaji wetu, TDCU, kina umri wa zaidi ya miaka 30, na kiwanda cha Tanga Fresh kimejengwa juu ya lita chache chache zinazotoka kwa wafugaji wadogo wenye ng'ombe wawili au watatu nyuma ya nyumba. Mnyororo huo wote unashikiliwa na kiungo kimoja, nacho ni baridi. Maziwa hutoka kwenye kiwele yakiwa na joto la takriban nyuzi 38, na yanatakiwa yashuke hadi nyuzi 4 haraka iwezekanavyo, kwa kuwa katika joto letu la pwani vijidudu vinaweza kuongezeka maradufu ndani ya nusu saa hivi. Keni ikichelewa, kipimo cha alkoholi cha kupima ubichi wa maziwa pale kituoni huonyesha yamekatika, na mama aliyeamka saa kumi usiku kukamua hurudi nayo nyumbani bila senti.

Najua wapo watakaosema kuwa umeme sasa upo. Ni kweli kwamba Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limebadilisha hali ya taifa tangu mtambo wake wa kwanza ulipowashwa mwaka 2024, na sisi wa Tanga tumeishi na mitambo ya umeme wa maji ya Hale na Pangani kwa miongo mingi. Lakini umeme kuzalishwa ni jambo moja, na umeme kufika kwenye tangi la maziwa kijijini ni jambo jingine. Njia ya umeme inayopita kwenye minazi na miembe hukatwa na tawi moja wakati wa masika, na maziwa hayawezi kusubiri mafundi hadi kesho yake. Jenereta ya dizeli inasaidia, ila gharama yake hulipwa kutoka katika bei ya lita ya mfugaji, ambayo tangu hapo ni ndogo.

Sasa naomba nikae kidogo kwenye kiini cha hoja yangu, kwa kuwa hapa ndipo miradi mingi inaweza kupotea. Ng'ombe hukamuliwa alfajiri na jioni. Maziwa ya asubuhi hufika kituoni kati ya saa kumi na mbili na saa tatu, na ya jioni, pale yanapopokelewa, hufika kuanzia saa kumi hadi giza linapoingia. Jua lenye nguvu ya kufanya kazi ni la saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kwa hiyo maziwa yako kwenye ncha mbili za siku, na jua liko katikati. Anayetaka kutumia jua kupoza maziwa ni lazima alihifadhi, na watu wengi hukimbilia betri. Betri za asidi, katika joto la vyumba vyetu vya bati, huchakaa upesi, kwani umri wake hupungua karibu nusu kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25; za lithiamu hudumu zaidi, lakini bei yake ni nzito kwa chama cha msingi.

Njia iliyo nyepesi kwetu ni kuhifadhi baridi yenyewe. Tangi la barafu lina maji na mabomba ya kupozea ndani yake. Mchana kompresa inayoendeshwa na paneli hugandisha maji hayo, na maziwa yanapofika, maji ya baridi kali huzungushwa kwenye kuta za tangi la maziwa. Hapo betri ndogo inatosha, ya kuendesha pampu, mota ya kukorogea, mizani na taa. Hesabu yake ni ya fizikia ya kawaida: kushusha lita 500 kutoka nyuzi 35 hadi nyuzi 4 kunahitaji barafu ya karibu kilo 190, na kuigandisha kunatumia takriban uniti 9 za umeme. Paneli zenye jumla ya kilowati 3, ambazo ni sita za wati 500 kila moja na huchukua kama mita za mraba 15, zinaweza kutoa uniti hizo katika siku ya kawaida ya jua hapa kwetu. Mapaa ya vituo vyetu vingi yana nafasi hiyo na zaidi.

Faida kubwa ninayoiona ni maziwa ya jioni. Vituo visivyo na uhakika wa baridi ya usiku haviwezi kuyapokea, kwa hiyo hunywewa, huuzwa kwa jirani kwa bei ya kutupa, au hugandishwa mtindi usio na mnunuzi wa uhakika. Mfugaji ambaye mkamuo wake wa jioni hauna soko hana sababu ya kumlisha ng'ombe vizuri mchana. Mheshimiwa, tukiwa na barafu jioni, mkoa utapata maziwa zaidi kutoka kwa ng'ombe hawa hawa tulionao.

Kazi yenyewe lakini ifanywe kwa viwango vya mahali ng'ombe wanapoishi. Pwani yetu ina hewa ya chumvi, na banda lina amonia itokanayo na mkojo na samadi. Vyote viwili hula fremu, nati na viunganishi vya nyaya. Zabuni iseme wazi kwamba paneli ziwe zimepimwa kwa kiwango cha IEC 61701 cha chumvi na IEC 62716 cha amonia, na vifungio viwe vya chuma kisichoshika kutu. Mbao zilizoliwa na mchwa zibadilishwe kwanza, maana paneli na vishikio vyake huongeza zaidi ya kilo 10 kwa kila mita ya mraba. Paneli zielekezwe kaskazini, zikiinuliwa kwa mwinamo wa angalau nyuzi 10 ili mvua izioshe, na iachwe nafasi ya hewa kati yake na bati, kwa kuwa paneli ikipata joto kali hutoa umeme pungufu. Na waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme unaovuja, usipuuzwe hata kidogo: ng'ombe huhisi umeme mdogo ambao mtu hausikii, na ukivuja kwenye birika la maji, atakataa kunywa na atazuia kushusha maziwa.

Kwa vituo vya milimani, Lushoto na Amani, ambako ukungu ni wa kawaida, sipendekezi kuachana na TANESCO. Huko jua lipunguze bili tu. Kazi ianzie tambarare, yaani Muheza, Pangani, Korogwe na pembezoni mwa Jiji la Tanga.

Kuhusu fedha, hatuombi sadaka. Wafugaji wamezoea mikopo inayolipwa kwa makato ya maziwa kila mwezi, na utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambapo mkopo wa mtamba hulipwa kwa ndama, tunaujua vizuri. Tunachokosa ni taasisi ya kuaminika itakayokaa kati yetu na Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, ili chama cha msingi kikopeshwe kwa muda unaolingana na umri wa mitambo, badala ya mkopo wa mwaka mmoja.

Kwa hiyo ninaomba uwaagize wakurugenzi wa halmashauri wafanye ukaguzi wa mapaa na mahitaji ya baridi ya kila kituo, wakishirikiana na mafundi wenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA, ambao pia wafundishe vijana wa vijijini matengenezo ya mitambo hii. Ukaguzi huo ukikamilika, utuitie kikao cha vyama vya msingi, TDCU, TADB na TANESCO, ili vituo vya kwanza vichaguliwe kabla ya masika yajayo. Sisi wafugaji tuko tayari kuja na takwimu zetu za lita tunazopokea na za zile tunazozikataa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa,
Muheza, Tanga