Asante, wewe uliyekunjua waya wote

Jina lako hatulijui, ila shukrani ni zako. Uliikuta rola ya ekstensheni ikilisha hita ya wati 2,000 huku nusu ya waya ingali imezungushwa kwenye ngoma yake, lile gurudumu la kuzungushia waya. Ukazima hita, ukachomoa plagi ukutani, ukavuta waya mpaka ngoma ikabaki tupu, ndipo ukawasha tena.

Wengi wangesema, "Si inafanya kazi?" Inafanya, hadi plastiki ilainike. Waya uliolaliana tabaka juu ya tabaka hauna pa kutolea joto, na tabaka za ndani ndizo huiva kwanza, jicho lisipofika. Ndiyo maana kibandiko cha rola huwa na namba mbili: mathalani wati 1,000 waya ukiwa umezungushwa, wati 3,000 ukikunjuliwa wote. (Nani husoma kibandiko? Wewe.) Na kile kitufe cha usalama cha rola, kinachokata umeme joto likizidi, kikiruka, si cha kubonyeza papo hapo: chomoa, kunjua, acha ipoe, punguza mzigo.

Asante pia kwa kupapasa waya wa kila rola ukitafuta michubuko, na kwa kukataa kuviringisha utepe pale waya wa rola moja ulipochanika karibu na plagi. Uliiweka rola hiyo kando, ukaandika MBOVU kwa herufi kubwa. Ile nyingine uliizungusha ikiwa imepoa, kwa mpini wake, bila kuupitisha waya kwenye kiwiko. Huko ndiko nyuzi za shaba hujisokota na kukatikia ndani kwa ndani.