Ugali wako na kanga yako

Muheza

Shoga yangu Rehema,

Barua yako nimeipata, na pole kwa hayo majibu ya kliniki, kwamba sukari yako ya damu iko juu. Nimecheka kidogo, unisamehe, pale uliposema chai umeacha kuitia sukari tangu Ramadhani ya mwaka juzi, halafu daktari anakuambia upunguze ugali "kwa sababu ni sukari", nawe ukaona anakuonea. Hakuonei. Ila alitakiwa akueleze, na kwa kuwa hakukueleza, kaa dawatini nikufundishe.

Tuanze na glukosi, maana ndiyo wanayoipima wakikutoboa kidole. Ni kitu kidogo: kaboni 6, hidrojeni 12, oksijeni 6, imejikunja kama pete ya pembe sita. Ina ndugu zake, fruktosi ya kwenye asali na matunda, na galaktosi. Hesabu ya atomu ni ileile, mpangilio ndio mwingine. Mjerumani Emil Fischer aliufumbua mpangilio wa glukosi mwaka 1891, bila mashine yoyote ya kuchungulia ndani ya molekuli, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Nikifika hapo darasani huwa najisahau mpaka kengele ilie.

Sasa ziunganishe. Glukosi na fruktosi, umepata sukari ya dukani, ile ya muwa. Glukosi na galaktosi, umepata sukari ya maziwa. Ziunganishe glukosi kwa maelfu, umepata wanga. (Na jina hilo tulilolipa! Nikilitamka tu kidato cha kwanza, lazima nyuma huko mmoja aanze kunong'ona habari za wachawi.) Mdomoni wanga hauna utamu kwa sababu ni mnyororo mkubwa, ulimi hauutambui. Lakini jaribu leo: weka tonge la ugali mtupu mdomoni, tafuna dakika mbili bila kumeza. Utamu unakuja wenyewe, taratibu. Mate yana kimeng'enya kinachoukatakata mnyororo ule, na utumbo mdogo unamalizia. Kwa hiyo karibu wanga wote wa sahani yako unaingia kwenye damu ukiwa glukosi, hata kama hukugusa kijiko cha sukari.

Na damu haitaki nyingi. Lita 5 hivi za damu ya mtu mzima asiye na tatizo hubeba kama gramu 5 tu za glukosi, yaani kijiko kimoja cha chai. Ikizidi, kongosho hutoa insulini, homoni ya kuishusha, na ini na misuli huichukua glukosi hiyo na kuifunga upya kuwa minyororo ya akiba iitwayo glikojeni. Ini huweka gramu 100 hivi. Akiba hiyo ndiyo inayokuvusha usiku ukiwa umelala, maana ubongo hauna likizo, wenyewe peke yake hula karibu gramu 120 kwa siku. Kwako hapo ndipo kazi ilipolegea: glukosi inaingia kwa kasi, kuondoka kwenye damu inasuasua.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni jingine. Wewe uko Mwanza, kwenye pamba. Unajua pamba ni nini? Glukosi! Hiyohiyo ya ugali. Kwenye wanga pete zote zimeunganishwa zikitazama upande mmoja, mnyororo ukajizungusha kama springi. Kwenye pamba kila pete imepinduliwa ikilinganishwa na jirani yake, basi mnyororo ukanyooka, ukalala sambamba na mwenzake, ikashikana vikali. Hiyo ndiyo selulosi, na kimeng'enya chetu hakina meno ya kukikata kiungo kile. Gramu kwa gramu, kanga yako ya pamba ina glukosi nyingi kuliko ugali, na ungeitafuna yote, kipimo kisingepanda hata kidogo. Hata ng'ombe tunayemsifu kwa kula majani hana kimeng'enya hicho. Wanaomfanyia kazi ni bakteria wa tumboni mwake. Nilipojifunza hayo chuoni nilikaa nikiutazama mlango wa bweni, mbao tupu, nikawaza: na huu nao karibu nusu yake ni glukosi.

Mie sikwambii uache ugali, nani ataacha ugali Mwanza? Punguza tonge, jaza mboga za majani sahani, dawa usiruke. Vipimo vya chakula msikilize daktari wako, si mimi.

Ukija huku machungwa yapo, ila juisi sikukamulii. Utakula chungwa zima na nyama zake, maana nyuzinyuzi zake huichelewesha sukari kuingia. Nawe usije mikono mitupu, mama anaulizia dagaa wa ziwani kila nikitaja jina lako. Na hiyo ya tonge mdomoni usisahau kuniandikia ulihesabu mpaka ngapi ndipo ukaona utamu; wanafunzi wangu wengi humeza kabla.

Wako,
Mwanaidi