Nandete nako tuna marehemu wa kuwaombea

Mhariri,

Mwezi uliopita nilipanda milima ya Umatumbi hadi Nandete, wilayani Kilwa, kuuona mnara wa Majimaji. Nimezaliwa mkoa huu huu wa Lindi, nina miaka sitini na kitu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza. Songea, kwenye makumbusho ya Majimaji, nimeshakwenda mara tatu. Aibu ni yangu, maana vita vilianzia hapa kwetu.

Ukitoka Njia Nne unashika barabara ya Kipatimu, na huko mbele ni bodaboda na rehema za Mungu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Mara mbili tulishuka tukasukuma.

Mwenyeji wangu, mzee wa Kimatumbi, alinisimulia habari ya Julai 1905, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela walipong'oa miche ya pamba. Miche michache tu. Ndivyo watu walivyomtangazia Mjerumani vita, baada ya kuchoshwa na kulimishwa pamba kwa lazima huku mashamba yao wenyewe yakiota magugu.

Sisi Wakatoliki wa kusini tumelelewa na upande mmoja wa habari hii. Tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza nilimjua Askofu Cassian Spiss, aliyeuawa Mikukuyumbu, Liwale, tarehe 14 Agosti 1905, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Nilimjua pia Sista Walburga Diepolder, aliyepoteza maisha misheni ya Nyangao iliposhambuliwa mwezi huohuo. Tunawaombea, na ni haki yao. Kuhusu waliowaua tuliambiwa tu kwamba walikuwa wapagani walioamini maji. Hakuna katekista aliyetutajia viboko, wala njaa. Majeshi ya Gavana Götzen yalichoma vijiji na vyakula ghalani, na njaa hiyo ikaua wengi kuliko bunduki. Wajerumani wenyewe walihesabu wafu 75,000. Wapo wanahistoria wanaokadiria 250,000 hadi 300,000.

Pale mnarani nilitoa rozari. Nikaanza, "Raha ya milele uwape, ee Bwana," nikakwama. Nilimsikia padri wa utotoni mwangu akiniuliza: hao walibatizwa lini? Mwenyeji wangu, ambaye ni Mwislamu, hakukwama. Alinyanyua mikono, akasoma Fatiha, akajipangusa uso, kisha akanitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalize sala. Nikamaliza.

Kwenye bodaboda kurudi nilikuwa na mstari mmoja wa Mwanzo kichwani: "Sauti ya damu ya ndugu yako inanililia kutoka katika ardhi." Habili naye hakubatizwa.

Na yale maji ya Kinjikitile, mganga aliyewaambia wapiganaji kwamba yangewakinga na risasi, hata mimi niliyacheka darasani. Marehemu mama alininyunyizia maji ya baraka nilipopata degedege, akiwa hana hata senti ya kunipeleka hospitali. Imani yangu ni kwa Kristo na siichanganyi na kitu kingine, lakini kucheka siwezi tena.

Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea Novemba 2023 akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa mashujaa. Kama mkuu wa nchi ameweza kufunga safari kutoka Berlin, sisi wa Lindi na Mtwara tunashindwaje kufika Nandete? Ombi langu kwa mapadri na wachungaji wetu ni dogo. Novemba 2, siku ya marehemu wote, parokia moja moja ziwapandishe waumini milima ile, tuwaombee waliokufa kwa risasi na kwa njaa, na kwenye sala hiyohiyo tumtaje Askofu Spiss na wenzake. Wenyeji wetu Waislamu nao tuwaalike, na wao waombe kwa namna yao. Walimu nao wajue kwamba mwanafunzi wa Kilwa hahitaji basi la Songea ili afundishwe Majimaji.

Mimi nimeanza na ninachokiweza. Jumapili iliyopita niliandikisha nia ya misa kwa ajili ya Ngulumbalyo Mandai, Lindimyo Machela na wenzao. Mwandishi wa parokia aliandika majina vizuri, akainua kalamu, akaniuliza hao ni ndugu zangu wa upande gani.

Mstaafu na Mkatoliki,
Lindi