YAH: MALALAMIKO KUHUSU PAWABENKI YANGU NA KIJANA WENU ALIYENICHOMOLEA CHAJA

Kwa Meneja, Huduma kwa Abiria.

Assalamu alaykum.

Nakuandikieni kwa heshima, ingawa mmeniachia kidogo. Safari ni ile ya Unguja kwenda Maskati iliyochelewa saa tatu. Kivuli cha tiketi nimekiambatanisha. Kuchelewa nimekusameheni.

Nilikuwa nimekaa chini ya nguzo karibu na lango, chaja nimeichomeka, simu ina asilimia nne. Akaja kijana wenu mwenye sare, salamu hana, akainama akaichomoa, akanitupia waya mapajani. "Mzee, huu si umeme wa kwenu Pemba." Watu wakacheka.

Umeme wa kwetu Pemba unatoka Tanga, waya umepita chini ya bahari tangu 2010. Mwaka huohuo Unguja ndiyo kwanza ilikuwa inatoka kwenye kiza cha miezi mitatu. Mwambieni.

Na plagi ya ukutani nisingeihitaji lau pawabenki yangu msingeichukua. Pale mezani niliambiwa niitie kwenye begi la kupakiwa chini. Nikakataa, maana betri ya akiba haipakiwi chini, hukaa na abiria, na hilo mnalijua kuliko mie. Dada akasema basi ni kubwa mno, akaiweka kando. Mie ni fundi simu Chake Chake. Imeandikwa 20,000 mAh. Zidisha kwa volti 3.7, ni wati-saa 74. Mpaka 100 haiombewi ruhusa. Risiti sikupewa.

Ndani ya ndege tundu la kuchajia kitini limekufa. Nimeshuka Maskati simu imezima, nambari ya mpwa wangu imo humo humo, nikakaa nje mpaka alfajiri.

Lakini narudi kwa yule kijana, maana halinitoki. Hakushika kichwa cha chaja, alivuta waya, kitu ambacho hata mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza hakifanyi. Nilimwambia, "Mwanangu, ngoja dakika tano tu." Akanitazama kama nimeomba sadaka, ndipo akaitaja Pemba, kwa sauti, makusudi wasikie. Mbele yangu alikuwapo mama mmoja wa Wete na wajukuu zake. Yeye hakucheka.

Nilipoanza barua hii nilitaka pawabenki yangu tu. Sasa nataka pawabenki, nusu ya nauli, na yule kijana aniombe radhi kwa maandishi yenye muhuri wenu. Nakupeni siku kumi na nne. Zikipita, barua hii naipeleka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na nauli nitaidai yote, kwa wakili.

Abiria wenu,
Fundi simu, Chake Chake

Na chaja pia. Waya umekatika shingoni.